MAUMIVU YA TUMBO YANAYOFANANA NA HAJA YA KUPIMWA: MFANO WA MOSHI NA MITEREMKO YA KILIMANJARO

Miongoni mwa malalamiko ambayo watumishi wa Serikali na wananchi huyafikisha kwa daktari mara kwa mara ni maumivu ya tumbo. Mgonjwa huweka kiganja chini ya kidari, mahali panapoitwa chembe cha moyo, na kusema kwa yakini kwamba ana vidonda vya tumbo. Akiulizwa ni nani aliyemwambia hivyo, aghalabu hujibu kwamba amejua mwenyewe, au ameambiwa na jirani mwenye maumivu kama yake. Pengine ameshameza dawa za kupunguza tindikali kwa miezi kadhaa, ameshakunywa viuavijasumu vya duka la dawa mara mbili au tatu, na bado usiku halali.

Makala haya yamekusudiwa kueleza kwa nini dalili za tumbo peke yake hazitoshi kuyatambulisha maradhi, na ni vipimo gani vinavyoweza kutenganisha ugonjwa mmoja na mwingine. Mfano umechukuliwa Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Wapo wenzetu wa Visiwani wanaokwenda huko kwa masomo, kwa kazi, kwa biashara na kwa matibabu, na wanapofika hukutana na maji, vyakula na maradhi ambayo si yote wameyazoea. Aidha, mji huo una Hospitali ya Rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako tafiti kadhaa zimefanyika zinazoonesha wazi tofauti iliyopo baina ya ugonjwa unaodhaniwa na ugonjwa uliopo.

Ni vyema kuanza na utafiti mmoja ambao haukuhusu tumbo bali homa, kwani unatoa funzo linalohusu maradhi yote. Baina ya Septemba 2007 na Agosti 2008 wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika Hospitali ya KCMC na Hospitali ya Mawenzi, zote za Moshi, walichunguzwa kwa vipimo vya kina vya maabara. Madaktari waliowapokea walikuwa wamewaandikia 528 kati yao kwamba wana malaria. Vipimo vilipokamilika, wagonjwa ambao malaria ndiyo iliyokuwa chanzo cha homa yao walikuwa 14 tu. Wengine walikuwa na bakteria katika damu, wengine maradhi yanayotoka kwa wanyama kama vile bruselosi na homa ya mkojo wa panya, na wengine chikungunya. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Hawa walikuwa wagonjwa waliolazwa hospitali na kuonwa na wataalamu. Ikiwa mtaalamu mwenye uzoefu anaweza kupotezwa na dalili kiasi hicho, mwenye kujitambua mwenyewe kwa kuyasikiliza maumivu yake hana budi kuwa na hadhari zaidi.

Tukirejea kwenye chembe cha moyo, mahali hapo ni njia panda. Hapo lipo tumbo lenyewe, upo mwisho wa umio, ambao ni mrija unaoshusha chakula kutoka kooni, lipo kongosho, ipo mishipa ya nyongo inayopita kwa jirani, na juu yake kidogo upo moyo. Kila kimoja kikiugua, maumivu yanaweza kusikika mahali pamoja.

Vidonda vya tumbo, ambavyo husingiziwa kila kitu, vina sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni bakteria aitwaye Helikobakta pailori, anayeishi katika utando wa tumbo na ambaye watu wengi huambukizwa wangali watoto. Hadi miaka ya 1980 iliaminika kwamba vidonda hutokana na fikra nyingi, pilipili na tindikali tu. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliobainisha kuwapo kwa bakteria huyo, na mwaka 1984 Marshall alikunywa kwa makusudi maji yenye bakteria hao akaugua uvimbe wa tumbo ili kuthibitisha hoja yake. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Sababu ya pili ni dawa za maumivu, hususan diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Mtu anayezitumia kila siku kwa ajili ya mgongo au magoti hujitengenezea kidonda bila ya kujua, kisha huongeza dawa nyingine ya maumivu kukituliza kile alichokisababisha mwenyewe.

Husemwa kwamba kidonda cha mwanzo wa utumbo mwembamba huuma wakati wa njaa na usiku wa manane, na hutulia mtu akila, hali kidonda cha tumbo lenyewe huuma zaidi baada ya kula. Maelezo haya yana ukweli, lakini si hukumu. Wapo wenye kidonda wasiosikia chochote hadi siku wanapotapika damu, na wapo wengi wenye maumivu yaleyale ambao wakiangaliwa ndani hawana kidonda hata kimoja. Kwa hiyo anayesema ana vidonda kwa kuwa tu huumwa akiwa na njaa huenda amepatia, na huenda pia amekosea.

Kipimo cha bakteria huyo ni cha aina kadhaa, na hapa ndipo wagonjwa wengi hupoteza fedha zao. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili walioundwa kupambana na bakteria. Askari hao hubaki katika damu kwa muda mrefu hata baada ya bakteria kwisha, hivyo mtu aliyekwisha kupona anaweza kupimwa kila mwaka na kila mwaka akaambiwa angali anaye. Kipimo cha choo kinachotafuta chembe za bakteria mwenyewe, na kile cha kupuliza pumzi, ndivyo vinavyoeleza hali ilivyo sasa. Lakini navyo vina sharti. Dawa za kupunguza tindikali za jamii ya omeprazoli zisitumike kwa muda wa wiki mbili kabla ya kipimo, na viuavijasumu kwa wiki nne, ama sivyo bakteria hujificha na majibu hutoka safi kwa uongo. Mgonjwa amweleze mpimaji dawa zote alizomeza, pamoja na zile alizozinunua bila ya cheti, na asisimamishe dawa aliyoandikiwa bila ya kumuuliza daktari wake.

Kiungulia ni jambo jingine. Hicho ni tindikali inayopanda kutoka tumboni kuingia katika umio, na mtu huhisi moto kifuani na uchachu kooni, hasa akilala mara tu baada ya kushiba. Wengi wetu tunakijua katika mwezi wa Ramadhani, pale futari nzito inapofuatwa na usingizi. Huko Moshi mtu anaweza kukipata baada ya mtori wa mafuta mengi au vibuyu vya mbege, pombe ya ndizi na ulezi inayotengenezwa kwenye miteremko hiyo. Mwenye kiungulia cha mara mojamoja hahitaji vipimo vikubwa. Apunguze chakula cha usiku, anyanyue kichwa cha kitanda, aache tumbaku na ulevi.

Ipo hata hivyo dalili moja ambayo haifai kuitwa kiungulia wala vidonda, nayo ni chakula kukwama. Mgonjwa huanza kwa kuhisi tonge la ugali au kipande cha nyama kinasimama kifuani, akakisukuma kwa maji. Baada ya wiki kadhaa huacha nyama, kisha huacha ugali, akabaki na uji, mwisho hata uji haupiti, na nguo zinamlegea kwa kukonda. Huyo anahitaji kuangaliwa umio haraka kwa sababu anaweza kuwa na saratani. Saratani ya umio hutokea kwa wingi usio wa kawaida katika ukanda unaoanzia Ethiopia na Kenya, ukapitia Tanzania na Malawi hadi kusini mwa Afrika. Kilimanjaro imo katika ukanda huo, na KCMC ni mojawapo ya vituo vitatu, pamoja na Eldoret nchini Kenya na Blantyre nchini Malawi, vilivyoshiriki katika utafiti wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani juu ya chanzo chake.

Katika kuchunguza jambo hilo watafiti walipima joto la chai. Watu wazima 188 wa mkoa wa Kilimanjaro walipimwa kikombe chao pale walipopiga funda la kwanza, na wastani ukawa nyuzi 70.6 za Selsiasi. Chai ya maziwa ilinywewa ikiwa na joto kubwa kuliko chai ya rangi. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2015, na mwaka uliofuata Shirika lililotajwa likatamka kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, yamkini vinasababisha saratani ya umio. Haina maana kwamba chai ni sumu. Chai ileile ikiachwa ipoe kwa dakika chache haina neno, na ushauri huu unawahusu pia wanywaji wa kahawa ya moto kwenye mabaraza ya Unguja. Tumbaku na pombe nazo zimo katika sababu zinazofahamika. Lililo muhimu kwa mada yetu ni kwamba mgonjwa wa aina hii hupoteza miezi akinywa dawa ya vidonda, na miezi hiyo ndiyo ambayo tiba ingekuwa na tamaa.

Kutapika damu nako huhesabiwa haraka kuwa ni kidonda kilichopasuka, na mara nyingi ndivyo. Lakini tambarare za chini ya Moshi, zenye mifereji ya kumwagilia mpunga na miwa, zina sababu nyingine. Kichocho tunachokifahamu Unguja na Pemba ni kile cha mkojo, ambacho alama yake ni damu mwishoni mwa haja ndogo. Kichocho cha tumbo ni cha minyoo wa jamii nyingine, na katika mashamba ya miwa ya Arusha Chini kilichunguzwa na kudhibitiwa. Mayai yake hutoka kwa choo. Mwanzoni mgonjwa huharisha damu na kamasi, hata akadhaniwa kuwa ana amiba. Akikaa miaka bila ya tiba, ini huharibika, wengu huvimba, na mishipa ya damu iliyo chini ya umio hututumka na siku moja kupasuka. Kwa hiyo mtu aliyepata kuishi au kufanya kazi kwenye mashamba ya maji, akitapika damu, amwambie daktari habari hiyo bila ya kungoja kuulizwa. Kipimo chake ni choo kuangaliwa kwa hadubini, na dawa yake, prazikwanteli, hupunguza madhara sana ikitolewa mapema.

Kwa upande wa kuharisha, neno amiba limekuwa kama kapu la kutilia kila kitu. Kuharisha kwa maji kwa siku mbili tatu bila ya homa wala damu mara nyingi hutokana na virusi au chakula kilichoharibika, na tiba yake kubwa ni maji yenye chumvi na sukari ya pakiti za hospitali. Kuharisha maji mengi meupe mfano wa maji ya mchele, kwa ghafla na bila ya kukoma, ni kipindupindu mpaka ithibitike vinginevyo. Damu na kamasi vyahitaji hadubini. Na wapo wasiougua chochote isipokuwa maziwa. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki hawana tena uwezo wa kuyeyusha sukari iliyomo ndani ya maziwa, hivyo mgeni anayefikia Marangu au Machame, ambako ng'ombe hufugwa zizini karibu na nyumba na maziwa hutolewa kwa ukarimu, hujaa gesi na kuharisha kila asubuhi. Huyo apumzike na maziwa kwa wiki mbili aone. Mtindi humdhuru kidogo kuliko maziwa ya kawaida. Maziwa hayo yachemshwe kwa vyovyote vile, maana bruselosi hupitia humo.

Homa ya matumbo inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa wengi huambiwa wanayo. Homa yake hupanda polepole siku hadi siku, kichwa huuma, tumbo hujaa, na mgonjwa anaweza kuharisha au kufunga choo. Ikipuuzwa, utumbo huweza kutoboka katika wiki ya tatu. Ni ugonjwa wa kweli na upo kwetu. Katika utafiti uliofanywa Pemba mwaka 2009 na 2010, bakteria wake ndio walioongoza miongoni mwa bakteria waliooteshwa kutoka katika damu za wagonjwa. Lakini kipimo kinachotumika sana, kiitwacho Widal, kilichobuniwa mwaka 1896, kinatafuta kingamwili tu. Mtu aliyepata kuugua zamani, au kuambukizwa bakteria wa jamii ya karibu, anaweza kuoneshwa kuwa anaumwa leo. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha damu, nayo ichukuliwe kabla ya kuanza viuavijasumu. Anayepewa majibu ya Widal kila anapochoka, akameza dawa kila mara, hatimaye hujenga vijidudu visivyosikia dawa.

Wala isifahamike kutokana na utafiti wa Moshi kwamba malaria imekwisha na haina haja ya kupimwa. Malaria inaweza kuanza kwa kutapika na kuharisha, hasa kwa watoto, na mtu aliyetoka sehemu yenye mbu akaanza kutapika na homa apimwe siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2010 kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe.

Kuna mambo mawili yanayohusu mlima wenyewe. Wanaopanda Kilimanjaro, ambacho kilele chake ni mita 5,895, hupita kituo cha Horombo chenye mita 3,720 na cha Kibo chenye mita 4,720. Huko mtu akipata kichefuchefu, akatapika na kukosa hamu ya chakula, huulaumu wali wa jana. Aghalabu ni maradhi ya mwinuko, na alama zinazoyatenga ni kichwa kuuma na kutokuwapo kwa homa wala kuharisha. Asiendelee kupanda. Akianza kupepesuka au kukosa pumzi akiwa amekaa, ashushwe bila ya kuchelewa, hata kama ni usiku. Jambo la pili ni moyo. Mtu mzima aliyezoea tambarare ya kisiwani, akianza kupandisha vilima vya Kibosho kwa miguu, akahisi maumivu ya chembe cha moyo yanayokuja akipanda na kutulia akisimama, asiyaite vidonda. Maumivu ya namna hiyo, hasa yakifuatana na jasho la baridi au kwenda kwenye taya na mkono wa kushoto, yahitaji kipimo cha umeme wa moyo kwanza.

Kuhusu namna ya kupimwa, mgonjwa wa kawaida aanzie kituo cha afya kilicho karibu au hospitali kama Mawenzi, Kibosho, Machame, Kilema au Huruma ya Rombo, na akionekana anahitaji kuangaliwa ndani atapewa barua ya rufaa. Sampuli ya choo iwekwe katika chombo kikavu, isichanganyike na mkojo, na ifikishwe maabara ikiwa bichi. Amiba aliye hai huacha kutembea katika muda mfupi, na choo kilichochukuliwa jioni kikapelekwa asubuhi hakielezi kitu. Kipimo kimoja kikitoka safi na dalili zikabaki, kirejewe siku nyingine, hata mara tatu.

Kipimo cha kuingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni, kiitwacho endoskopi, kimezungukwa na khofu isiyo na msingi. Mgonjwa hukaa bila ya kula kwa saa sita hadi nane, koo hupulizwa dawa ya ganzi, na kazi yenyewe aghalabu humalizika kwa dakika chache. Kero yake ni kichefuchefu zaidi kuliko maumivu. Humo daktari huona kidonda, uvimbe, mshipa uliotutumka au umio uliobanwa, na huweza kuchukua kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Aliyepewa dawa ya usingizi asiendeshe gari siku hiyo, na aje na mtu wa kumrejesha.

Wasisubiri foleni ya miadi wale wanaotapika damu, wenye choo cheusi kama lami chenye harufu kali, wenye tumbo lililokuwa gumu kama ubao, wanaokonda bila ya sababu, wanaoona chakula kinakwama, na wenye macho ya manjano. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma asishtuke kuona choo chake kimekuwa cheusi, kwani ndivyo vidonge hivyo vifanyavyo, lakini amweleze mkunga. Damu nyekundu inayoonekana kwenye choo nayo isiachwe kwa kuitwa bawasiri, hususan kwa aliyevuka umri wa miaka 40, hadi daktari aangalie.

Mtumishi au mwananchi anayerejea Unguja au Pemba baada ya kupimwa Moshi achukue nakala za majibu yote, yakiwemo ya endoskopi na ya kipande cha nyama, ambayo huweza kuchelewa kwa wiki kadhaa. Endapo atasafiri kabla hayajatoka, aache kwa maandishi namna ya kupatikana na jina la hospitali atakakoendelea na tiba. Aliyetibiwa bakteria wa tumbo apimwe tena, kwa choo au kwa pumzi na si kwa damu, zikishapita wiki nne tangu kumaliza dawa.